Rufaa za watoto kwa mabingwa wa homoni, Dallas–Fort Worth na Houston

Katika ukanda wa Dallas–Fort Worth na jiji la Houston, jimboni Texas, mtoto mwenye kimo kifupi, anayebalehe mapema au mwenye dalili za kisukari kwa kawaida humfikia bingwa wa homoni kwa rufaa ya daktari wake wa kila siku. Mabingwa hao wako hasa katika hospitali chache kubwa za watoto: Texas Children's ya Houston, Children's Health ya Dallas na Cook Children's ya Fort Worth. Ugonjwa peke yake hauamui nani anapewa rufaa. Jinsia, rangi, bima na lugha vina mkono wake.

Suala la jinsia lilionekana wazi katika utafiti wa Adda Grimberg na wenzake uliofanywa Philadelphia na kuchapishwa mwaka 2005. Kati ya watoto 278 waliopelekwa hospitali kwa kutokua vizuri, wavulana walikuwa 182, wasichana 96. Wasichana hao walikuwa wamepungukiwa kimo zaidi, na asilimia 41 yao walikutwa na ugonjwa, dhidi ya asilimia 15 ya wavulana. Mvulana mfupi huwatia wazazi wasiwasi mapema. Msichana mfupi husubirishwa, na ugonjwa wake husubiri naye.

Rangi iliingia hata kwenye mwongozo. Mwaka 1997 Marcia Herman-Giddens alionyesha, kwa kuchunguza wasichana zaidi ya 17,000, kwamba wasichana weusi wa Marekani huanza kuota matiti mapema kuliko weupe. Mwaka 1999 chama cha mabingwa wa homoni za watoto kikapendekeza uchunguzi kwa msichana mweupe aliyeanza kabla ya miaka 7, na mweusi kabla ya miaka 6. Wapinzani walionya, na walikuwa na hoja nzito, kwamba kwa kigezo hicho mtoto mwenye ugonjwa wa kweli anaweza kurudishwa nyumbani.

Texas ndilo jimbo la Marekani lenye kiwango kikubwa zaidi cha watu wasio na bima ya afya. Familia isiyo na bima mara nyingi haina daktari wa kudumu wa kumpima mtoto kimo mwaka hadi mwaka, na bila vipimo hivyo ni vigumu kugundua kwamba mtoto ameacha kukua.

Mlango mwingine uko shuleni. Sheria ya Texas inataka wanafunzi wa darasa la 1, 3, 5 na 7 katika kanda kadhaa, zikiwemo za Houston, Dallas na Fort Worth, wakaguliwe shingo wakati wa vipimo vya macho na masikio. Muuguzi hutazama kisogoni kama ngozi imekuwa nyeusi, nene na laini kama mahameli, dalili kwamba insulini haifanyi kazi ipasavyo. Akiiona, humpima mtoto uzito, kimo na shinikizo la damu, kisha huwaandikia wazazi barua. Hapa mtoto hasubiri mzazi mwenye sauti. Lakini barua bila bima huweza kuishia mezani.

Kwa familia za wakimbizi zinazosema Kiswahili, nyingi zikitoka Kongo, kuna tatizo la tarehe. Wakimbizi wengi wasio na cheti cha kuzaliwa huandikiwa tarehe 1 Januari ya mwaka wa kukadiria. Bingwa wa homoni husoma kila kitu kwa umri: chati ya ukuaji, dalili za kubalehe, hata eksirei ya mkono wa kushoto inayoonyesha ukomavu wa mifupa. Msichana mwenye miaka 7 aliyeandikiwa 9 ataonekana anabalehe kwa wakati wake, na hakuna atakayeshtuka.

Mzazi aliye katika hali hiyo aseme mapema kwamba tarehe ni ya kukadiria, aende na kadi ya kliniki kama anayo, na aombe mkalimani wa hospitali, ambaye halipiwi na mgonjwa. Kazi hiyo asiachiwe mtoto.