Kiti cha mbele na ile picha ya mtoto kwenye gari lako (Sehemu ya 4)

Mama, leo ukipanda gari, shusha kile kikinga jua upande wa abiria wa mbele. Kwenye magari mengi utakuta kibandiko: mtoto kwenye kiti chake, puto kubwa limemfumukia, na mstari mwekundu umekatiza picha nzima. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo maandishi hatuyasomi. Tunageuza kile kioo kidogo tunajipaka lipstiki, basi.

Niliposema juzi kwamba mtoto mdogo asikae mbele, mlinijia juu. "Nesi, sisi tumekua tukipakatwa mbele, mbona tupo?" Na mimi sina pa kujificha. Mwanangu wa kwanza nilitoka naye wodi ya wazazi nikiwa nimekaa mbele, nimempakata, amefungwa khanga mbili. Mzazi si lazima apewe kiti cha heshima? Na nilikuwa tayari nesi, mwenye cheti. Tulifika salama kwa sababu hakuna aliyetugonga, hiyo tu.

Sasa nikwambie ile picha imetoka wapi.

Viti vya watoto vya gari viliuzwa Marekani tangu miaka ya 1930, lakini havikuwa vya usalama. Kazi yake ilikuwa kumwinua mtoto aone nje na asimsumbue dereva. Mwaka 1959 mhandisi wa Volvo huko Sweden, Nils Bohlin, akaleta mkanda huu tunaoujua, unaopita begani na kiunoni. Ulikuwa mkanda wa mtu mzima. Mtoto akabaki vilevile, mapajani mwa mama.

Aliyemfikiria mtoto alikuwa daktari, Msweden pia, Bertil Aldman. Aliona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali kwenye chombo, ili ile nguvu kubwa ya kurushwa ienee mgongo mzima. Akajiuliza, mbona mtoto asikae hivyohivyo, mgongo ukiangalia mbele ya gari? Hapa nisikilize kama nesi wako. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake, na mifupa ya shingo bado sehemu kubwa ni gegedu. Gari likisimama ghafla, mtoto anayeangalia mbele kichwa kinavutwa na shingo ndiyo inayobeba. Akiangalia nyuma, kiti kinambeba mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Kiti cha Aldman kilijaribiwa mwaka 1964, na mwaka 1967 Volvo wakauza kiti cha abiria kinachogeuzwa kwa ajili ya mtoto.

Kiti kipi hicho? Cha mbele! Yaani Sweden, walikoanza mambo haya, mtoto aliwekwa mbele, pembeni ya mzazi, na ilikuwa salama. Magari hayakuwa na mfuko wa hewa, ule tunaouita eabegi. Shikilia hapo, tutarudi.

Tennessee, Marekani, kulikuwa na daktari wa watoto anaitwa Robert Sanders. Alipigania sheria ya watoto wadogo kufungwa kwenye viti vyao, na jimbo lake likawa la kwanza nchini humo, sheria ikaanza kazi 1978. Ila wabunge waliingiza kipengele kimoja: mtoto akipakatwa na mtu mzima, ruksa. Madaktari wakakibandika jina, kipengele cha kuponda watoto. Kwa nini? Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 akigongwa anaweza kuvutwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 200. Hakuna mkono wa mama unaoshika hiyo, hata uwe umebeba ndoo maisha yako yote. Na ukijifunga mkanda mmoja na mtoto, uzito wako wewe ndio unaomkandamiza. Kipengele kilifutwa mwaka 1981.

Kisha ikaja eabegi. Imeokoa watu wazima wengi sana, siibezi. Lakini inafumuka kabla hujamaliza kukonyeza, kwa kasi inayoweza kufika kilomita 300 kwa saa, na imepimwa kwa kifua cha mtu mzima aliyekaa mbali kidogo na dashibodi. Kiti cha mtoto anayeangalia nyuma kikiwekwa mbele, mgongo wake unakuwa karibu kugusa dashibodi. Ule mfuko unapiga kiti palepale kwenye kichwa.

Kinachoniuma ni kwamba dalili zilikuwepo mapema. Mwaka 1974 Aldman yuleyule na wenzake walitoa utafiti kuhusu mtoto aliyesimama mbele ya eabegi inapofumuka. Hata hivyo, miaka ya 1990 zilipojaa kwenye magari ya Marekani, zaidi ya watoto 100 waliuawa na mfuko wenyewe, wengi kwenye ajali ndogo ambazo mtu mzima angeshuka akakagua bampa. Ndipo vikaja vibandiko vikali, mifuko yenye nguvu iliyopunguzwa, na swichi za kuizima. Ulaya ikapiga marufuku mwaka 2003 kumweka mbele mtoto anayeangalia nyuma kama eabegi inafanya kazi.

Kwa hiyo bibi yako hakukosea kwa gari lake la zamani kama unavyodhani, ingawa kupakata kulikuwa hatari hata wakati huo. Gari limebadilika, sisi tumebaki na mazoea.

Kwako wewe: mtoto nyuma, kwenye kiti chake, mpaka amalize miaka 12 ndipo ahamie mbele. Mnayo pikapu ya siti za mbele tu? Tafuta swichi ya ufunguo ya eabegi ya abiria, mara nyingi ipo kwenye dashibodi au ubavuni mwake ukifungua mlango. Izime, hakikisha taa inaonyesha imezimwa. Kama haizimiki, mtoto anayeangalia nyuma asipande hapo kabisa. Mkubwa anayeangalia mbele, akilazimika, sukuma kiti nyuma mpaka mwisho na umfunge vizuri. Fundi akikwambia "hii gari haina eabegi", mwambie akuonyeshe.

Na baba akisema mtoto analia akikaa nyuma, mama hamia nyuma ukae naye. Heshima ya kiti cha mbele mwachie mkoba.

Sehemu ya 5 ni bajaji na bodaboda, maana najua ndiyo mnayoisubiri.