Wakfu, Mfuko na Amana

Ukiwa Lushoto ukasikia kwamba kitu kimewekwa wakfu, akili inakwenda moja kwa moja kanisani. Askofu huwekwa wakfu, kanisa jipya huwekwa wakfu, hata kengele yake. Ukiteremka mlima, ukapita Soni na Mombo hadi ukafika Tanga mjini, neno lilelile linabadilika sura: huko wakfu ni nyumba ya kupangisha au shamba la minazi, na kodi au mavuno yake ndiyo yanayoutunza msikiti. Wa mlimani hakosei na wa pwani hakosei. Ila kwa jambo ninalotaka kulieleza hapa, wa pwani amelikaribia zaidi.

Jambo lenyewe ni aina ya fedha ambayo vyuo vikuu vyetu vimeanza kuizungumzia kwa hamu, na ambayo Waingereza huiita endowment. Katika nyaraka za Kiswahili utaikuta kwa majina mengi: mfuko wa maendeleo, mfuko wa hisani, mfuko wa amana, au mwandishi amechoka kutafuta akaliacha neno la Kiingereza kama lilivyo. Kati ya hayo yote hakuna linalokamata kiini chake, na kiini hicho ni kimoja tu: mali yenyewe haiguswi, kinacholiwa ni pato lake. Mwenye mti wa peasi huchuma peasi kila msimu. Akiukata mti apate kuni, mwaka ujao hana peasi wala kuni.

Ruzuku haiko hivyo. Ruzuku huja na mwaka wa fedha na huondoka nao. Ada huja na mwanafunzi, naye akiacha masomo inaondoka. Fedha za harambee huisha siku bati la mwisho linapopigiliwa misumari. Mali ya namna hii ninayoisema ina masharti matatu: shina lake lisiuzwe wala kutumiwa, pato lake liende kwenye kazi iliyotajwa na mtoaji, na wanaoisimamia wawe wasimamizi, wasiwe wenye mali. Kiswahili kina neno la kitu hicho tangu zamani. Waqf kwa Kiarabu ni kusimama au kusimamisha. Mali inasimamishwa pale ilipo: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mafakihi huanzia kwenye shamba la Khaybar ambalo Umar bin al-Khattab alishauriwa na Mtume alizuie lenyewe na kuyatoa mazao yake sadaka. Karne nyingi baadaye, Al-Azhar ya Cairo ililisha wanafunzi na kulipa masheikh kwa mapato ya mali za wakfu, yakiwamo mashamba, hadi Muhammad Ali Pasha alipotwaa ardhi nyingi za wakfu mwanzoni mwa karne ya 19 na kuzitia mkononi mwa dola.

Karne hiyohiyo inafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndipo vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vilipoachana njia katika suala la nani alipe. Wajerumani walichagua dola. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka 1810, kiliendeshwa kwa bajeti ya serikali ya Prussia, na mhadhiri kijana asiye na cheo cha uprofesa aliishi kwa vijisenti ambavyo wanafunzi walimlipa kusikiliza mihadhara yake. Waingereza wa Oxford na Cambridge walikuwa na wakfu wa kale, lakini wakfu huo ulikuwa wa ndaki. Nalitumia neno hili kwa maana ya college, kama linavyotumika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndaki zilikuwa na mashamba na wapangaji, na zilitajirika. Chuo kikuu chenyewe, chenye maabara na maktaba ya kuhudumia wote, kilikuwa na kidogo. Sheria ya mwaka 1877 ilizibana ndaki zichangie mfuko wa pamoja. Haikupita muda, ngano ya bei rahisi kutoka Marekani ikaporomosha bei Uingereza, wakulima wakashindwa kulipa kodi ya mashamba, na walimu waliozoea mgawo mnono wakaanza kuhesabu senti. Ardhi haikuhama. Kilichopungua ni pato.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Baltimore. Mfanyabiashara Johns Hopkins alipofariki mwaka 1873 aliacha dola milioni 7, nusu kwa hospitali na nusu kwa chuo kikuu. Kwa wakati ule Marekani ilikuwa haijaona wosia wa ukubwa huo. Lakini sehemu kubwa ya fungu la chuo ilikuwa hisa za kampuni moja ya reli, Baltimore and Ohio, na marehemu aliwausia wadhamini wasiziuze. Chuo kilifunguliwa mwaka 1876 chini ya rais wake Daniel Gilman, kikawa kielelezo cha utafiti nchini humo. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1880 reli ikaacha kutoa gawio. Wakfu ulikuwepo, umeandikwa, unalindwa na sheria, na haukuzaa kitu. Watu wa mjini walichanga fedha za dharura ili walimu walipwe. Yaani chuo kilichojengwa kwa wakfu kiliokolewa na harambee! Wadhamini walilitii neno la marehemu hadi likakaribia kukiua chuo alichokipenda.

Sasa turudi kwenye milima ya Usambara, iliko Lushoto, kwa sababu milima hii iliguswa na vyuo vikuu vya karne hiyo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Desemba 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge, na kutokana na mwito wake ikaundwa misheni iliyobeba jina la vyuo: Oxford na Cambridge kwanza, kisha Durham na Dublin. Ndiyo UMCA, Universities' Mission to Central Africa. Baada ya kushindwa katika nchi ya Malawi ya leo, ilihamia Zanzibar mwaka 1864, na mwaka 1867 padri Alington alipanda hadi Vuga kuomba ruhusa kwa mtawala wa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara. Matokeo yake ni kituo cha Magila, chini ya milima, upande wa Muheza. Vijana wa Magila walipelekwa kusoma Kiungani, Unguja, chuo cha walimu na mapadri ambacho kwa enzi zile ndicho kilichokaribia zaidi elimu ya juu katika sehemu hizi.

Jina likisomwa haraka, mtu atadhani utajiri wa Oxford ulitiririka hadi Magila. Haukutiririka. Misheni iliishi kwa michango: wafadhili wa mwaka kwa mwaka, sadaka za parokia, wasia wa hapa na pale. Na isingekuwa rahisi iwe vingine, maana mali ya ndaki ilikuwa imefungwa kwa kazi iliyotajwa na watoaji wake, na kufundisha watoto wa Kibondei wa Magila haikuwamo. Durham ndiyo inayochekesha zaidi. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1832 kwa mali ya kanisa kuu la mji huo, ikiwamo ardhi ya South Shields. Wakati jina lake linaungwa kwenye misheni ya Afrika, wanafunzi wake walikuwa wamepungua mno, na mwaka 1861 tume ikaundwa kukichunguza. Chuo kilichokuwa hoi kiliazimisha jina lake, na jina ndilo kilichokuwa nalo.

Huko juu, Mlalo, wamisionari wa Kijerumani walifika mwaka 1891, na nyuma yao alikuwapo mchungaji von Bodelschwingh wa Bethel, karibu na Bielefeld, akikusanya sadaka za Wajerumani wa kawaida. Njia ilikuwa ileile ya michango ya mbali. Udhaifu wake ulionekana mara mbili: vita ya kwanza ya dunia iliwaondoa wamisionari na fedha zao, na ya pili ikafanya vivyo hivyo. Waliobaki wakaendesha shule na zahanati kwa walichokuwa nacho mlimani.

Amani, upande wa mashariki, ilifuata mtindo wa Berlin. Taasisi ya biolojia na kilimo ilifunguliwa mwaka 1902, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann, na iliendeshwa kwa fedha za serikali ya koloni na ya himaya. Ilikuwa na maabara, maktaba, bustani za majaribio zilizopanda kutoka bonde la Sigi, na jarida lake lenyewe, Der Pflanzer. Wakati wa vita, meli zilipozuiwa, ilitengeneza kwinini kutokana na miti iliyooteshwa palepale. Waingereza walipoichukua hawakuiharibu kwa mabomu, waliinyima bajeti. Vitabu vikabaki rafuni na nyumba zikakaa tupu kwa sehemu kubwa, hadi tume ya wabunge wa Uingereza iliyozunguka Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1920 ilipopiga kelele. Ikafufuliwa chini ya William Nowell kwa michango ya serikali za eneo hili, kisha baada ya vita ya pili shughuli zake zikahamishiwa Muguga, Kenya. Serikali ikitaka kuhamisha taasisi inayoilisha, inahamisha tu. Hakukuwa na shina lililofungwa Amani ambalo lingesema hapana.

Mwanzoni mwa karne hii Lushoto ilipata chuo kikuu chake. Pale Magamba, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, ilianzisha mwaka 2007 chuo kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikijulikana hasa kwa elimu maalumu, jambo linaloeleweka katika wilaya ambayo tayari ilikuwa na shule ya wasioona ya Irente. Kama vyuo binafsi vingi nchini, mhimili wa fedha wa chuo cha namna hii ni ada, na nyuma ya ada yuko mzazi anayeuza viazi na kabichi, au Bodi ya Mikopo. Idadi ya waliodahiliwa ikishuka mwaka mmoja, mishahara inatikisika mwaka huohuo. Milima hii imekwisha kuonja michango, bajeti ya serikali na ada. Wakfu wa chuo kikuu bado haijauonja.

Kwa nini basi waandishi wetu walikwepe neno? Sababu ni ile niliyoanza nayo. Mkristo wa mlimani anasikia madhabahu, na Mwislamu anaweza kuona neno lake la sheria limechukuliwa bila adabu. Nadhani hofu zote mbili ni nyepesi. Kumweka mtu wakfu ni kumtenga kwa kazi moja asirudi kwenye nyingine, na ndivyo mali inavyotengwa. Magazeti ya Kenya nayo yameshazoea kuandika Wakfu wa Ford bila mtu kulalamika. Hapo ndipo pana kosa la kurekebisha: wakfu wameufanya jina la taasisi inayotoa fedha, hata kama taasisi hiyo haina shina lolote na kila mwaka inaomba kwa wengine. Taasisi tuiite taasisi. Wakfu ni mali.

Amana ni neno zuri lililowekwa mahali pasipo pake. Amana ina mwenyewe, na mwenyewe akija anaichukua. Zanzibar wamelijua hilo hata katika jina la ofisi yao, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana: vitu viwili, maneno mawili. Mfuko nao ni chombo tu. Unaweza kutia wakfu ndani yake, au posho ya semina. Na rasilimali, ambalo kwa Kiarabu ni kichwa cha mali, yaani mtaji wenyewe, lingefaa sana kwa shina la wakfu kama tusingekuwa tumekwisha kulitanua likabeba madini, maji na watumishi. Kwa hiyo napendekeza shina la wakfu na pato la wakfu, kisha wadhamini kwa wasimamizi wake, neno ambalo sheria zetu tayari zinalo.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme chuo kina shina la shilingi milioni 100 katika hatifungani zinazolipa asilimia 10, na bei za vitu zinapanda kwa asilimia 4. Kwenye makaratasi pato ni milioni 10. Lakini milioni 4 lazima zirudi kwenye shina, la sivyo baada ya miaka kumi na tano milioni 100 zitakuwa zimepoteza karibu nusu ya nguvu yake ya kununua. Za kutumia ni 6. Vyuo vikubwa vya Marekani hutumia kila mwaka kama asilimia 4 au 5 ya thamani ya wakfu wao, na vinaogopa kuzidisha. Mwislamu asiyetaka riba anabaki na kodi za nyumba, mavuno na hisa, njia za wakfu wa asili. Ardhi ina mtego wake hapa kwetu: kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na hati ndefu kuliko zote ni ya miaka 99. Wakfu wa milele juu ya hati yenye mwisho unahitaji mwanasheria mzuri.

Ombi langu ni kwa makatibu wa mabaraza ya vyuo wanaoandaa nyaraka hizi. Kama fedha mnazoomba mtazitumia zote kujenga bweni, andikeni mchango, nasi tutachanga. Neno wakfu liandikeni pale tu mnapotaja shina, pato, kazi, na wadhamini wasioweza kuligusa.