Silikanti na Nyambizi Zilizomfuata Kwenye Kina

Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi Nerine, chini ya Nahodha Hendrik Goosen, ilikuwa bandarini East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, aliona katika lundo la papa pezi la samaki wa buluu. Samaki huyo alikuwa na urefu wa mita 1.5 na uzito wa kilo 57. Kwa kuwa hapakupatikana chumba cha baridi, alikaushwa na matumbo yake yakatupwa. Profesa J.L.B. Smith alimtambua kuwa ni silikanti, samaki wa ukoo uliodhaniwa kutoweka zama za dinosaria.

Smith akasambaza vipeperushi mwambaoni akiahidi zawadi ya pauni 100. Desemba 1952, Ahamadi Abdallah, mvuvi wa kisiwa cha Nzwani, Komoro, alimvua wa pili kwa mshipi. Nahodha Eric Hunt, aliyefanya biashara kati ya Zanzibar na Komoro, akamdunga fomalini asioze. Wakomoro walikuwa wakimjua samaki huyo zamani, wakimwita gombesa. Katika miaka iliyofuata mishipi yao iliwapa wanasayansi silikanti wengi wa kupasua. Tatizo ni kwamba akipandishwa kwenye maji ya joto huishi saa chache tu. Mzoga ulieleza mifupa na viungo vya ndani, lakini maisha yake yalibaki fumbo.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na nyambizi. Januari 1987, kwenye mteremko wa kisiwa cha Ngazija, Komoro, watafiti wa timu ya Mjerumani Hans Fricke walishuka na nyambizi ndogo GEO, wakamkuta silikanti hai karibu mita 200 chini. Smith aliamini kwamba mapezi yale manene humwezesha kutambaa sakafuni. Waliyemwona dirishani alikuwa akielea, pezi la mbele la kushoto likienda pamoja na la nyuma la kulia, kama miguu ya punda mwenye haraka. Mara nyingine alisimama kichwa chini, mkia juu.

Nyambizi iliyofuata, Jago, ilifika mita 400. Ikaonyesha kwamba mchana silikanti hujikusanya mapangoni, na usiku hutoka kuwinda. Madoa yao meupe hayafanani, hivyo watafiti waliweza kumtambua kila mmoja na kuwahesabu upya kila waliporudi. Mwaka 2002 meli ya utafiti Algoa iliipeleka Jago hadi Sodwana, Afrika Kusini, ambako wapiga mbizi walikuwa wamewaona silikanti mwaka 2000.

Kwetu Tanzania, silikanti walianza kunaswa Songo Mnara mwaka 2003, kisha Tanga, katika majarife ya papa yaliyotegwa maji ya kina. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009. Utafiti wa magamba uliochapishwa mwaka 2021 umeonyesha kwamba samaki huyu anaweza kuishi karibu miaka 100 na hubeba mimba takriban miaka mitano. Hapo ndipo kazi ya nyambizi inapotuhusu moja kwa moja. Kama mchana hukaa pamoja pangoni, na huzaa kwa nadra kiasi hicho, jarife moja karibu na pango linaweza kuondoa wazazi ambao itachukua miongo kuwarudisha. Miteremko hiyo ya kina ndiyo ya kulindwa kwanza.