Jumba la Lodi Egerton na Jasho Lililolijenga

Newala na Masasi, mtu akijenga nyumba ya miti na udongo, kijiji kinajua nani alikata miti na nani alikandika. Jumba la kabaila hulificha jambo hilo. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia hana budi kulisoma kuanzia mlango wa nyuma, mlango wa watumishi.

Jumba la shamba la Kiingereza halikuwa makazi tu. Lilisimama juu ya kodi ya ardhi iliyolipwa na wakulima waliolizunguka. Chukua Tatton, huko Cheshire, lililosanifiwa na Samuel Wyatt mwishoni mwa karne ya 18 na kukamilishwa na mpwa wake Lewis. Juu kuna maktaba na kumbi za wageni. Chini kuna reli ndogo ya kusafirishia makaa ya mawe, ili bwana apate joto bila kumwona mchukuzi. Huo ndio usanifu wa kitabaka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipomkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha halikuhukumu matofali. Lilihukumu uhusiano wa aina hiyohiyo, wa mmoja kuishi kwa jasho la mwingine.

Bwana wa mwisho wa Tatton, Maurice Egerton, aliuleta uhusiano huo Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1954, kazi ikikatizwa na vita, alijijengea kasri la mawe huko Njoro, karibu na Nakuru: vyumba zaidi ya 50, na ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba, kwa mtu asiye na mke wala mtoto.

Wageni husimuliwa kwamba alijenga ili kumpendeza mwanamke aliyemkataa. Hadithi tamu, lakini mapenzi hayachongi mawe. Tuulize ardhi ilitoka wapi. Wamasai waliondolewa katika eneo hilo la Bonde la Ufa kwa mkataba wa mwaka 1904, wakapewa walowezi. Tuulize na nguvu-kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika aliyeishi katika shamba la mlowezi amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kulima kipande chake na kufuga. Kasri lilipokamilika, Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na Wakikuyu wengi walikuwa wamekwisha fukuzwa katika mashamba ya Bonde la Ufa.

Lodi alifariki mwaka 1958. Tatton ilikabidhiwa shirika la kuhifadhi mali za kale la Uingereza. Shule ya kilimo aliyoianzisha Njoro mwaka 1939 kwa vijana wa Kizungu ilikuwa chuo kikuu mwaka 1987, na kasri likawa makumbusho ya chuo hicho. Siku hizi hata harusi hufanyika uwanjani, na wajukuu wa vibarua huingia kwa mlango wa mbele, baada ya kulipa kiingilio.