Neno Duka na Kinga Yake: Kutoka Bagamoyo hata Kerege

Neno duka, kama wajuavyo wanaisimu, asili yake ni dukkān ya Kiarabu, nalo lilikwisha kuenea katika lugha za Uhindi kabla ya wachuuzi wa Kigujarati kulitamka tena katika pwani yetu. Yawezekana kwamba n ya mwisho ilidhaniwa kuwa ni kiambishi cha mahali, hata dukani ikazaa duka. Maana yake kwa watu wa kawaida imefungamana na udogo: robo ya sukari, mafuta ya kupimiwa, na daftari la madeni. Lile kubwa tumelikopea jina, supamaketi. Wengine hulipendekezea duka kuu, lakini sijamsikia mtu akisema hivyo barabarani.

Nataka kuonyesha hapa kwamba kila mara serikali ilipotia mkono katika jambo la duka, ilitazama mwenyewe ni nani. Ukubwa wake haikuupima.

Yafaa tuanzie Bagamoyo, maana biashara ya maduka yenye matawi mengi ilichipuka hapo. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, alifika pwani angali kijana, akafanya kazi kwa Sewa Haji aliyekuwa akiandaa bidhaa za misafara, kisha akajitegemea. Reli ya Uganda ilipojengwa, 1896 hata 1901, naye aliifuata kwa maduka yake mpaka Kampala, na alipofariki mwaka 1916 jina lake lilijulikana katika Afrika ya Mashariki nzima. Walakini jitu hili liliishi pamoja na wadogo. Wengi walioanza kwake kama mawakala walikuja kufungua maduka yao, na bidhaa zilikwenda bara kwa mali kauli, yaani kwa neno la mtu tu.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. COSATA iliundwa mwaka 1962 ili ushirika uingie katika biashara iliyokuwa mikononi mwa Wahindi. Februari 1967 makampuni makubwa ya jumla yalitaifishwa, likazaliwa Shirika la Biashara la Taifa, ambalo nalo lilivunjwa mwaka 1973 kuwa makampuni ya mikoa. Kisha ikaja Operesheni Maduka ya mwaka 1976. Vijiji viliambiwa viwe na maduka yao wenyewe, na ya watu binafsi yafungwe. Duka la kijiji lilingoja lori la kampuni ya mkoa, na lori lisipokuja hapakuwa na sabuni wala mafuta ya taa, kwa kuwa yule aliyejua kuvitafuta kwa baiskeli alikwisha kufungiwa mlango. Haukupita muda mrefu, amri ikalegezwa. Nathubutu kusema kwamba hakuna kampuni ya kigeni iliyopata kuliumiza duka dogo kiasi hicho.

Supamaketi za kigeni zilikuja baadaye, nazo hazikukaa: Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe ikaanguka.

Kerege, iliyokuwa miongoni mwa makazi ya majaribio ya miaka ya 1960, leo ni mji unaojipanga kando ya barabara ya Bagamoyo. Mwenye duka huko huitwa Mangi, awe Mchaga au asiwe. Cheo cha mtawala wa Kilimanjaro kimeshuka hata kwenye kaunta ya mbao. Mangi hukopesha, na hufungua mpaka usiku.

Agizo la tarehe 28 Julai 2025, lililofuata malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo, liliwakataza wasio raia aina 15 za biashara, na ya kwanza ni uuzaji wa jumla na rejareja. Lakini supamaketi zilitolewa katika katazo hilo. Basi mgeni haruhusiwi kufungua kibanda jirani na Mangi, bali anaruhusiwa kufungua supamaketi mbele yake. Ufaransa, kwa sheria ya Royer ya Desemba 1973, ilipima sakafu: duka lililozidi mita za mraba 1,000 katika miji midogo, au 1,500 katika mikubwa, lilihitaji idhini ya tume ya mkoa, yeyote awaye mwenyewe. Katika agizo letu, duka la raia lenye sakafu ya mita elfu mbili halina tofauti na la Mangi.