Microsoft Defender Antivirus
Microsoft Defender Antivirus ni programu ya kupambana na virusi vya kompyuta inayokuja pamoja na mfumo wa uendeshaji wa Windows. Ilianza mwaka 2006 kwa jina la Windows Defender ikizuia programu za kijasusi. Tangu Windows 8 (2012) inazuia pia virusi.

Kwa matumizi ya kawaida ulinzi huo unaweza kutosha, mradi kompyuta isasishwe. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba udhaifu uliotumiwa na WannaCry miezi miwili baadaye. Kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa zimesasishwa. Kompyuta isiyopata intaneti inaweza kushindwa kutambua virusi vipya vinavyoletwa kwa flashi.

Nchini Tanzania tahadhari za usalama wa mtandao hutolewa na TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).