Kilo 20 za Ndege, Nyumba Nzima ya Shinyanga

Siku hizi mtu akipata viza ya Canada anapiga picha sofa, friji na kapeti, anaposti: "Nasafiri, bei ya kutupa." Jioni chumba cheupe. Miaka ya 70 pale Shinyanga mjini kulikuwa na watu wenye ishu hiyo hiyo, ila wao walikuwa wanafungasha maisha ya babu, baba na mtoto. Na nyumba yenyewe haikuwa tena yao kuuza.

Ni wale wa maduka, watu wenye asili ya India. Reli ya Tabora kwenda Mwanza ilipofika mwisho mwaka 1928, Shinyanga ikawa kituo cha pamba, ngozi na karanga, na biashara ikawafuata wakulima. Picha familia moja ya aina hiyo: duka mbele, vyumba nyuma, ua katikati, chumba cha pembeni kimepangishwa. Mzee anaongea Kisukuma vizuri kuliko Kiingereza. Mkulima anachukua shuka na chumvi leo, analipa msimu wa pamba. Kila kitu kimeandikwa kwenye daftari.

Uhuru ulipokuja 1961, watu kama hao walipewa miaka 2 ya kuchagua uraia. Wengine wakawa Watanzania, wengine wakabaki na pasipoti ya Uingereza, na mara nyingine ndugu wawili wa tumbo moja wakachagua tofauti. Likaja Azimio la Arusha 1967. Halafu, Aprili 1971, sheria ya kutaifisha majumba: jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, likiwa limepangishwa lote au sehemu, linakwenda kwa Msajili wa Majumba. Lililozidi miaka 10 halikuwa na fidia. Uraia haukuangaliwa, hivyo hata aliyechukua pasipoti ya Tanzania kwa moyo wote aliguswa.

Serikali ilikuwa na hoja yake, na haikuwa ya kipuuzi: mtu asiishi kwa kodi ya wenzake huku wengi hawana pa kulala. Lakini ndani ya ule ua, mzee akawa mpangaji kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kwa wengi hapo ndipo mazungumzo ya kuondoka yalipoanza, na mwaka uliofuata Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90, hata waliokuwa wakisitasita waliingiwa na baridi.

Sasa fikiria kupanga vitu. Ndege inaruhusu kilo 20. Fedha za kigeni zinabanwa, kwa hiyo kuuza vyote na kubeba pesa haikuwa dili rahisi. Cherehani ya bibi? Nzito. Sufuria za shaba zilizopikia harusi tatu? Nzito zaidi. Pembea ya mbao ya barazani, ambayo kila mtoto wa nyumba alilazwa juu yake, haiingii kwenye sanduku lolote. Vitu hivyo viliuzwa kwa majirani, vikagawiwa kwa mpishi na mpimaji wa mizani, vingine vikaachwa tu. Kilichobebeka ni bangili za dhahabu, picha za ukutani zilizotolewa kwenye fremu, na viungo vilivyofungwa kwenye kitambaa. Geita ipo jirani kabisa, lakini mgodi wake ulikuwa umefungwa tangu 1966. Dhahabu iliyookoa familia kama hiyo ilikuwa ya mahari ya akina mama.

Kitu kilicholeta ubishi zaidi ni daftari la madeni. Kwa watoto lilikuwa karatasi, litupwe. Kwa mzee lilikuwa miaka 30 ya watu anaowajua kwa sura na kwa kijiji, nani alifiwa msimu gani, nani alilipa hata mvua ilipogoma. London au Toronto hakuna wa kudaiwa kwa daftari hilo. Kulichoma ni kuwasamehe wote kwa mpigo, kulibeba ni kubeba uzito usio na faida.

Mwaka 1990 kazi ya Msajili wa Majumba ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Wapangaji wakaendelea kulipa kodi, ila risiti zikabadilika jina.